RAV4 kizazi kwa kizazi: ipi ya kubeba familia, ipi ya kuipita kama hukuiona

Mzee wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lilelile: nina watoto, nataka RAV4 ya Toyota, nichukue ipi? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo leo naandika mara moja, kisha atakayeniuliza namtumia uzi huu. Mimi si fundi. Nimemiliki mbili, ACA21 na hii ACA31 ninayoendesha sasa. Ya kizazi cha nne niliikagua nikaiacha. Ya kizazi cha tano anayo shemeji yangu, na kila anaposafiri naitunza mimi, kwa hiyo naijua vizuri kuliko anavyodhani.

Kabla ya yote, achaneni na majina ya mtaani. Yadi moja watakwambia hii ndiyo Miss Tanzania, yadi ya pili gari ileile wanaiita Kili Time, na nimewahi kukuta madalali wawili wanabishana hadi mate yanaruka. Namba E nayo haikwambii umri wa gari, inakwambia imesajiliwa lini Bongo. Omba chassis namba. ACA20 na ACA21 ni kizazi cha pili, ACA31 na ACA36 ni cha tatu, ZSA42, ZSA44 na ASA44 ni cha nne, MXAA na AXAH ni cha tano. Ukishajua hilo, dalali anaanza kukuita bosi.

Kizazi cha kwanza kilitoka 1994, kagari kafupi ka milango mitatu, hakafiki hata mita 3.7. Ya milango mitano ilifuata mwaka uliofuata. Injini 3S, roho ya paka. Bado zipo, lakini kwa familia sitazisemea sana: siti za nyuma finyu, na umri wake mpira wote umeshakauka. Mnunulie kijana anayeanza kazi, awe amebadilisha mkanda wa timing kwanza.

Cha pili, 2000 hadi 2005, ndicho kilichonifundisha. Zilizotoka Japani zenye 2.0 nyingi zina injini ya 1AZ-FSE, ile ya D-4. Fungua boneti, utaona D-4 imeandikwa juu ya kifuniko. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa. Uzuri wake ni kubana mafuta. Ubaya wake ni kwamba petroli haipiti tena kuziosha valvu, kwa hiyo masizi yanajijenga kwenye njia ya hewa mpaka gari inaanza kutetemeka ukiwa kwenye foleni, inamisi, na pampu ya presha ya juu haipendi mafuta machafu. Yangu niliifungua njia ya hewa mara mbili ndani ya miaka minne. Fundi alitoa masizi kwa bisibisi, yanabanduka vipande vizito kama ukoko wa wali, akayaweka kwenye gazeti akaniita nije nione. Ikisafishwa inarudi kuwa gari nzuri, sikatai. Ila ni gari ya mtu mwenye fundi anayemwamini.

Kitu kilichonitoa kwenye ACA21 lakini si injini, ni mtoto wa tatu. Upana wa ile gari ni milimita 1735. Weka watoto watatu nyuma, mmoja kwenye kiti chake cha mtoto, halafu safiri Dar mpaka Njombe. Wa katikati alifika akiwa amenuna, hakuniamkia asubuhi yake.

Sasa kizazi cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye maneno mengi. Japani kilianza Novemba 2005 na kikaendelea kuuzwa kule hadi 2016, ndiyo maana unakuta ACA31 ya 2007 na ya 2014 yadi moja, sura karibu sawa, bei mbalimbali. Injini 2AZ-FE, cc 2362, inatumia cheni. Upana milimita 1815, na siti ya nyuma inasogea mbele na nyuma na kulalia. Mtoto wa katikati ameacha kununa. 4WD yake (kuvuta kwa magurudumu yote manne) haifanyi kazi muda wote: kompyuta inapeleka nguvu nyuma ikihisi utelezi, na kuna kitufe cha LOCK kinachojiachia ukizidi kilomita 40 kwa saa. Kwa tope la mlima wa Goba mwezi wa nne linatosha kabisa. Ila angalieni, ACA36 haina 4WD kabisa japo ina hiyo "4" kwenye jina. Lala chini uangalie kama propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu nyuma, ipo. Nimeona mtu ameuziwa "fulu taimu" inayovuta kwa miguu ya mbele tu.

Tairi la akiba linaning'inia kwenye mlango wa nyuma, na mlango unafunguka kama wa nyumba, bawaba ziko kulia. Kwetu tunaoendesha kushoto ni vizuri, unapakia ukiwa upande wa ukingo wa barabara. Sokoni ndiyo shida: mtu akikubana nyuma hutoi hata fungu la ndizi. Ukiikagua, unyanyue ule mlango kwa mkono. Ukicheza juu chini, bawaba zimechoka kubeba tairi.

Maradhi ya 2AZ ni mawili na yanajulikana dunia nzima. La kwanza ni kula oili. Zile za miaka ya mwanzo zina ringi za pistoni zinazoziba, oili inapanda na kuungua. Marekani, Toyota wenyewe waliwaongezea wateja muda wa matengenezo kwa ajili ya hilo. La pili, nati za silinda hedi zinalegea kwa sababu nyuzi za kwenye bloki zinavutika, maji yanapotea taratibu, halafu siku moja gari inachemsha. Mtu wa kwanza anabadilisha gasket, wa pili anabadilisha gasket, wa tatu anauza.

Na giaboksi. ACA31 za Japani ni CVT, haina gia za kawaida, ni mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Inataka mafuta yake, yameandikwa TC. Mimi hii ACA31 niliipeleka service kwenye gereji moja (siitaji), kijana akamwaga yale mafuta akaweka hydraulic nyekundu ya kawaida, "ni ileile tu mzee". Wiki iyo hiyo tukaondoka kwenda Njombe. Mpaka Ruaha Mbuyuni gari iko poa. Tumeingia Kitonga, mbele malori mawili yanapanda kwa mwendo wa konokono, nikasikia mlio kama nyuki kwenye debe. Nikakanyaga, mzunguko wa injini unapanda, gari haiendi. Mke wangu akafunga redio ili asikie vizuri, na hilo halikunisaidia. Tulifika juu, tukakaa Ilula saa nzima boneti wazi, Iringa mjini nikatafuta TC, tukamwaga na kujaza, tukatembea kidogo, tukamwaga tena. Ilipona. Fundi wa Iringa aliniambia nina bahati, wengi wanafika kwake wakiwa wamebebwa.

Ndugu yake ni Vanguard, iliyouzwa Japani 2007 hadi 2013. Ni ACA31 iliyorefushwa: ACA33 na ACA38, ina mita 4.57, wengine wanaipata ya siti saba, na tairi la akiba halipo mgongoni. Injini ileile, maradhi yaleyale. Ile siti ya tatu ni ya watoto au ya shemeji usiyempenda.

Kizazi cha nne, 2013 hadi 2018, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Toyota hawakukiuza Japani. Kule waliendelea na ile ya tatu, na wateja wa juu wakaenda kwenye Harrier. Kwa hiyo ukiona RAV4 ya 2015 yenye usukani wa kulia na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, haikutoka Yokohama kama rafiki zake. Imetoka Uingereza, au iliuzwa mpya huku kwetu, au sehemu nyingine wanayoendesha kushoto. Gari yenyewe ni nzuri. Yenye 2.5 ya petroli tupu ina giaboksi ya kawaida ya gia sita, hakuna kesi za CVT. Lakini ikitoka Uingereza historia yake ni ya nchi ya chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo chini ndiko kunakokaguliwa kwanza, siyo rangi.

Niliyoiona mimi ilikuwa na namba 92,000 kwenye dashibodi. Muuzaji anaisema kwa fahari, "elfu tisini na mbili tu, mkuu". Nikawasha, nikatazama kile kisahani cha mwendo: namba kubwa zinaishia 140 na zile ndogo ndogo ndani ndizo kilomita. Maili. Elfu tisini na mbili ni maili, kilomita zake ni kama 148,000. Sijui kama muuzaji alikuwa hajui au alikuwa anajua. Nilimshukuru nikaondoka.

Cha tano ndicho kilichorudisha RAV4 Japani, Aprili 2019. 2.0 ni MXAA52 na MXAA54, haibridi (petroli na umeme pamoja) ni AXAH52 na AXAH54. Hapa tena ile "gari ndogo" imekwisha: mita 4.6 kwa urefu, upana milimita 1855, na ile ya Adventure 1865. Jaribu kuiegesha Kariakoo. Lakini utulivu wake barabarani... nimeiendesha hadi Morogoro na kurudi, ile ACA31 niliporudia nikahisi napanda trekta. Ina CVT pia ila imewekewa gia halisi ya kuondokea, ndiyo maana haivuti kama mpira ukiondoka.

Haibridi ya shemeji inakunywa kidogo mpaka unatilia shaka geji. Tahadhari kwa wenye watoto: betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma, na inavuta hewa ya kujipoza kupitia matundu yaliyo hapohapo kwenye siti. Nilitoa kwenye yale matundu ganda la karanga, soksi moja na nusu ya biskuti. Hewa ikiziba betri inapata joto. Safisha yale matundu kama unavyosafisha choo.

Mwaka 2025 wameonyesha ya sita, haina tena petroli tupu, ni haibridi au ya kuchaji. Ikifika kwetu kwa wingi tutaonana, Mungu akitupa uzima.

Naomba nipumue. Karibuni.

---

Fundi Gerezani

Mkuu umeandika kama mtu wa kazi. Naongeza mawili.

ACA21 gia ikigonga, msikimbilie kushusha giaboksi. Pimeni kwanza ile kontroli boksi ya injini, nyingi shida iko mule kwenye solda. Nimeshaona mtu kabadilishwa giaboksi mbili na kugonga kuko palepale.

ACA31 ikilia "ko" kwenye usukani ukikata kona taratibu, siyo lazima iwe ball joint. Kuna shafti ya kati ya usukani inalegea. Mafundi wengi wanakubadilishia mbele yote, wanakuachia mlio wako.

---

Mama Watatu

Habari zenu. Mimi sijui injini, najua siti. Kuna jambo hamjalitaja. Februari 2016 Toyota waliziita RAV4 karibu milioni tatu duniani, za kuanzia 2005 hadi 2014, kwa sababu kwenye ajali kubwa mkanda wa siti ya nyuma ungeweza kukatwa na chuma cha fremu ya siti yenyewe. Dawa ilikuwa kufunika kile chuma kwa plastiki, kazi ndogo. Swali langu: hizi za mtumba zilizokuja Bongo kabla ya 2016 nani alizifunika?

---

Mzee wa Goba

Dada yangu, umenikamata. Nimetoka nje sasa hivi na tochi, nimeingiza mkono chini ya siti pale mkanda unapotokea. Yangu ina plastiki. Sikuwahi kuangalia miaka yote hii na watoto wamekaa palepale. Wenye ACA31 na Vanguard, kaangalieni kabla hamjalala. Kama hakuna kitu, peleka chassis namba kwa wakala wa Toyota waiangalie.

---

Pwani Tamu

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu wa Bongo. Huku kwetu mjadala ni mfupi maana sheria imeshachagua: gari ya kuagiza isizidi miaka minane. Ukiagiza 2026 ni ya 2019 kuja mbele, na kama alivyosema mzee, RAV4 ilirudi Japani mwaka huohuo wa 2019. Kwa hiyo ukiagiza Japani leo ni ya tano tu. Ya tatu tunazipata mkononi mwa watu, na mwenyewe hukuuzia kama anakupa mwanawe. Nyinyi mna uhuru.

---

Hesabu Kwanza

Uhuru una risiti, kaka. Acha niwaonyeshe. TRA hawaangalii bei uliyonunua, wana thamani yao kwenye kikokotoo chao. Tuiite 100.

ACA31 ya 2008: ushuru wa forodha 25, inakuwa 125. Excise duty (ushuru wa bidhaa) ya cc zaidi ya 2000 ni asilimia 10 na ya uchakavu kwa zaidi ya miaka kumi ni asilimia 30, jumla asilimia 40 ya 125, yaani 50, inakuwa 175. VAT 18 juu yake, unafika 206. Umelipia gari mara mbili na ushee, tozo ndogo ndogo sijagusa.

MXAA54 ya chini ya miaka minane: 125, excise duty asilimia 5 kwa sababu ni cc 1986, uchakavu hakuna. Na VAT unafika kama 155.

Thamani ya pili ni kubwa, ndiyo, mwisho wa siku bado utatoa hela nyingi zaidi. Lakini katika ile ya kwanza nusu ya hela yako imeishia bandarini, siyo kwenye gari. Na haibridi ni cc 2487, inarudi kwenye asilimia 10. Watu wanasahau hilo.

---

Mzee wa Goba

Hesabu nzuri. Ndiyo maana mimi ACA31 yangu nilinunua kwa mtu, ushuru alishalipa yeye. Kuagiza leo ya 2008 sikushauri hata kidogo.

---

Baridi Kali

Nawasalimu kutoka Edmonton, hapa nje ni baridi ya kuvunja kucha. Kwa wanaopata haibridi ya kizazi cha tano iliyotembea nchi za theluji: kuna kebo ya umeme mkubwa inayokwenda kwenye mota ya nyuma, kichwa chake kinaliwa na chumvi. Huku Canada lilikuwa sakata, kebo yake bei si ya kuchezea. Yenye 4WD tu ndiyo inayo. Mwambieni fundi aivue kifuniko aangalie kama kuna unga wa kijani au mweupe.

---

Dogo wa Tabata

Wakuu mbona hamsemi X-Trail na CR-V? Bei poa kuliko hizi.

---

Fundi Gerezani

Dogo, fungua uzi wako. Hapa tuna msiba mmoja kwanza.

---

Mwalimu K

Shikamoo wakubwa. Nina watoto wawili, nyumbani Kibaha, bajeti yangu haifiki ya tano. Nimeona ACA31 ya 2009, namba D, mwenye nayo anasema haili oili kabisa. Jumamosi naenda kuiona saa nne. Nifanye nini?

---

Mzee wa Goba

Marhaba mwalimu. Kwanza, usiende saa nne. Ameshajua saa nne, kwa hiyo ataiwasha saa mbili. Nenda saa moja asubuhi, piga simu ukiwa getini. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya kumsalimia. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho.

Ikiwa ya baridi, chomoa dipstiki, ufute, uchomeke, uchomoe. Oili iliyojaa mpaka juu na safi kama asali mpya maana yake imemwagwa jana, na hilo nalo ni jibu. Kisha mwambie awashe wewe ukiwa nyuma, angalia moshi wa kwanza. Bluu, ondoka. Tazama tanki la maji la akiba na pembeni ya hedi upande wa nyuma wa injini, karibu na dereva, kama kuna alama za maji yaliyokauka.

Baada ya hapo mwambie mnakwenda kuijaribu. Chagua njia yenye mlima. Kanyaga taratibu nusu, usikilize kama nyuki.

---

Mwalimu K

Asante mzee. Na nikimkuta ameiwasha saa kumi na mbili?

---

Mzee wa Goba

Basi kunywa chai yake, halafu uje hapa utuambie yadi iko mtaa gani.